Mzigo wa Mwenzio Si Kanda la Usufi

Wahenga wetu walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Walikuwa wakimcheka mtu asimamaye pembeni, akamtazama mwenzake aliyejitwika, naye akadhani kwamba kile kilichotwikwa hakina uzito. Leo twapenda kuzungumza na wasomaji wetu juu ya mzigo huo, na zaidi juu ya kiungo kinachoubeba, yaani mgongo.

Hili si jambo la mzaha, wala si la wazee peke yao. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, na kwamba idadi hiyo yaweza kufikia milioni 843 ifikapo mwaka 2050. Hakuna ugonjwa mwingine unaowalemaza watu wengi zaidi. Na taabu hii haigawanyiki sawasawa. Mwenye duka akiumwa na mgongo hukaa kitini akaendelea kupokea fedha. Mchukuzi akiumwa na mgongo, siku hiyo chungu hakipandi jikoni.

Hapa Unguja hatuna haja ya kwenda mbali kuutafuta ushahidi. Vichochoro vya Mji Mkongwe vilijengwa kabla ya motokaa, na gari haliingii katika sehemu kubwa ya mji huo. Kila polo la mchele, kila tangi la maji, kila kitanda cha hoteli na kila sanduku la mgeni anayekwenda kulala ghorofa ya tatu, hufika kwa mkokoteni, kwa bega au kwa kichwa. Kutoka Malindi hadi Shangani, kutoka Darajani hadi Sokomuhogo, mji huu husimama juu ya migongo ya watu. Tukivuka kisiwa kwenda upande wa mashariki, Paje, Bwejuu na Jambiani, twawakuta akina mama wa mwani. Kilimo hicho kilianza huko mwishoni mwa miaka ya 1980. Maji ya bamvua yakitoka, mama huingia pwani, huinama, hupigilia vigingi, hufunga miche kwenye kamba mmoja baada ya mwingine, na saa kadha baadaye hurudi ufukoni na gunia la mwani ulioloa maji ya chumvi. Hali kadhalika mpalilia mihogo kwa jembe la mpini mfupi, mponda kokoto, fundi cherehani aliyepinda juu ya nguo, dereva wa daladala, na mfanyakazi wa hoteli atandikaye vitanda kumi na tano kabla ya adhuhuri.

Historia yetu yenyewe yashuhudia uzito wa jambo hili. Mgomo mkuu wa mwaka 1948 ulioenea mji mzima wa Zanzibar ulianza kwa wachukuzi wa bandari, walioona ujira hautoshi na gharama za maisha zinapanda. Watu wale hawakuwa na shamba wala duka la kuuza. Walikuwa na nguvu za mwili, na walijua kwamba nguvu hizo zina thamani. Basi kama mgongo ndio mtaji wa mfanyakazi, ni wajibu wetu kuujua mtaji huo ulivyojengwa na namna ya kuulinda.

MLINGOTI NA KAMBA ZAKE

Kila aliyepata kupanda jahazi anafahamu kwamba mlingoti hausimami kwa ubavu wake peke yake. Husimama kwa sababu kamba zimeuvuta kila upande kwa kipimo kinacholingana. Kamba moja ikilegea, upepo wa kwanza huuyumbisha. Mgongo nao ni vivyo hivyo. Uti wa mgongo una pingili 24 zinazocheza, zimepangwa moja juu ya nyingine, na baina yake kuna visahani vya gegedu vinavyopokea mkandamizo. Wataalamu waliouchukua uti wa kiunoni katika maabara, wakauondolea misuli yote, waliona kwamba hupinda na kuanguka kwa uzito wa kilo 9 hivi. Uzito huo ni pungufu ya ndoo moja ya maji. Kinachomwezesha binadamu kubeba polo zima ni misuli iliyouzunguka mfupa huo.

Misuli hiyo ni mingi, lakini twaweza kuieleza kama kuta nne za chumba. Dari ya chumba ni kiwambo, yaani pazia la nyama linalotenga kifua na tumbo, ambalo ndilo hasa linalovuta pumzi. Sakafu ni misuli ya chini ya nyonga, inayoshikilia kibofu, na kwa wanawake mfuko wa uzazi pia. Nyuma kuna misuli midogo iliyoshikamana na pingili moja moja. Mbele na ubavuni kuna msuli wa tumbo uliozunguka kiuno kama mkaja anaofungwa mzazi. Huu ni mkaja wa kuzaliwa nao, nao mtu hauvui usiku wala mchana.

Mwaka 1996 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Queensland huko Australia, Paul Hodges na Carolyn Richardson, walitangaza jambo la ajabu juu ya mkaja huo. Waliwaambia watu wainue mkono kwa haraka, nao wakapima ni msuli gani unaotangulia kufanya kazi. Kwa watu wazima wa mgongo, ule mkaja wa tumbo ulikaza kwanza, kabla hata msuli wa bega haujaanza kuinua mkono. Mwili ulikwisha jiandaa. Kwa watu wenye maumivu ya mgongo, mkaja ulichelewa. Baadaye ilionekana kwamba kiwambo nacho hushiriki katika matayarisho hayo, kikishika kazi mbili kwa pamoja, kuvuta pumzi na kuutuliza mgongo. Ndipo tunapoelewa kwamba pumzi na mgongo si majirani tu, bali ni watu wa nyumba moja.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mtu anayejitahidi kuwa na tumbo gumu kama ubao, huku nyonga zake zimekauka na pumzi yake imebanwa kifuani, amekaza kamba moja akaziacha nyingine. Hatusemi kwamba mazoezi ya tumbo na kiuno yana uganga usiopatikana kwingine. Uchunguzi mwingi uliofuata umeonyesha kwamba baada ya muda mrefu faida zake hukaribiana na za mazoezi mengine yanayofanywa kwa bidii. Lililo muhimu ni kwamba mwili wote utembee, na kila kiungo kifanye sehemu yake.

WIMBO WA KAZI NA SIRI YA PUMZI

Wazee wetu hawakuwa na maabara, lakini hawakuwa wajinga. Mabaharia wakipandisha tanga la jahazi, wavuvi wakilivuta juya ufukoni, wachukuzi wakilisukuma gari lililosheheni, kulikuwa na nyimbo. Mmoja hutoa, wengine huitikia, na katika neno la kuitikia ndipo nguvu zote hutoka kwa pamoja. Wengi hudhani kwamba nyimbo hizo zilikuwa za kuchangamsha tu. Lakini mtu anayeimba hawezi kuizuia pumzi yake, na mtu anayeitikia kwa sauti hutoa pumzi wakati ule ule anapovuta kamba. Wimbo uliwafundisha watu ishirini kukaza viuno kwa wakati mmoja, na kupumzika kwa wakati mmoja.

Ni kweli kwamba mtu akiinua kitu kizito sana huzuia pumzi kwa nukta moja, na kufanya hivyo huukaza mgongo. Lakini kuibana pumzi kila mara, mchana kutwa, hupandisha shinikizo la damu na kuichosha ile sakafu ya nyonga tuliyoitaja. Kwa kazi ya kurudiwarudiwa, kanuni iliyo njema ni hii: vuta pumzi kabla ya kuinua, itoe polepole wakati wa kuinua.

Jirani zetu wa Kenya wametoa somo jingine. Mwaka 1986 wataalamu, miongoni mwao Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walitoa matokeo ya kuwapima wanawake wa Kijaluo wabebao kwa kichwa na wa Kikuyu wabebao kwa ukanda wa kipajini. Ilionekana kwamba wanawake hao waliweza kubeba mzigo ulio sawa na asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila ya kutumia nguvu zaidi ya zile za kutembea mikono mitupu. Mwaka 1995 uchunguzi uliofuata ulieleza sababu yake: mwendo wao hupandisha na kushusha mwili kama mizani ya saa, na nguvu ya hatua moja haipotei bali hurudishwa katika hatua inayofuata. Mwili wote, kuanzia unyayo hadi shingo, ulikuwa ukifanya shauri moja. Hata hivyo, mzigo ukizidi asilimia hiyo, gharama ilipanda kama ipandavyo kwa kila mtu. Ustadi una kikomo chake. Yeyote atakayeutumia utafiti huo kumwongezea mama mzigo atakuwa ameusoma upande mmoja.

WANAOKAA NAO WASIJISAHAU

Yamkini karani asomaye haya atasema kwamba yeye habebi magunia. La hasha, naye yumo. Katika miaka ya 1960 daktari Alf Nachemson wa Sweden alipima mkandamizo ndani ya visahani vya mgongo vya watu walio hai. Aliona kwamba mkandamizo ni mkubwa zaidi mtu akikaa amejikunja mbele kuliko akisimama, na kwamba huzidi sana akiinama na kitu kizito mikononi. Mwaka 2020 ulitolewa utafiti juu ya ndugu zetu Wahadzabe wanaokaa kandokando ya Ziwa Eyasi, Tanzania Bara. Ulionyesha kwamba hupumzika karibu saa 10 kila siku, muda usiopungua ule wa watu wa nchi tajiri wanaokaa vitini. Tofauti ni kwamba katika sehemu ya mapumziko yao huchuchumaa au hupiga magoti, na hapo misuli ya miguu haiachi kufanya kazi kidogo kidogo. Uchunguzi ule ulikuwa wa siha kwa jumla wala si wa mgongo peke yake, lakini funzo lake latufaa.

Hatuwaambii watu waache baraza. Baraza ni chuo cha mji wetu, na habari za dunia hupitia hapo. Twawaambia wainuke. Kila nusu saa mtu asimame, atembee hadi pembeni na kurudi, kisha aendelee na kahawa yake. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Macquarie, Sydney, walitoa matokeo ya watu 701 waliokuwa wamepona maumivu ya mgongo. Waliofundishwa na kupangiwa utaratibu wa kutembea walikaa siku 208 kwa kadiri ya kati kabla ya maumivu kuwarudia. Wale ambao hawakupangiwa walikaa siku 112. Kutembea hakuhitaji dawa ya kigeni wala ada. Njia ya pwani kutoka Forodhani ipo, na asubuhi ni ya kila mtu.

LA KUFANYA NYUMBANI

Kwa wale wanaotaka mazoezi ya dakika kumi, haya yatosha kwa kuanzia, na yote hufanywa juu ya mkeka. Kwanza, lala chali, kunja magoti, weka kiganja juu ya tumbo, na uvute pumzi kwa pua mpaka kiganja kiinuke na mbavu zitanuke ubavuni. Toa pumzi taratibu na usikie mkaja ukijifunga wenyewe. Fanya mara kumi. Pili, ukiwa bado chali, inua nyonga juu mpaka mapaja na kifua vilingane kama daraja, kisha shusha polepole. Tatu, piga magoti na kuegemea viganja, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto kwa pamoja, tulia kwa pumzi mbili, kisha ubadilishe. Mgongo usiyumbe, mtu awaze kwamba amewekewa bakuli la maji kiunoni. Nne, lala ubavu, jiegemeze kwa kiwiko, inua nyonga, na uhesabu hadi kumi.

Wakati wa kazi, sharti kubwa ni kuinama kwa nyonga na magoti. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini namna za kuinama si moja. Mzigo uwe karibu na kifua. Mtu akitaka kugeuka ageuze miguu, asipinde kiuno na gunia likiwa begani. Mama wa mwani na abadilishe mkao: mara apige goti moja, mara asimame ajinyooshe kinyumenyume, na zile kazi za kufunga miche zinazoweza kufanywa nchi kavu akiwa ameketi zisifanywe majini. Na siku ya ngoma, acheze. Kiuno kinachozunguka kwa mdundo, miguu ikikanyaga na pumzi ikienda, ni kiuno kinachojengwa.

Kuna mambo mawili ya kale ambayo elimu ya leo haiyakubali. La kwanza ni kumlaza mgonjwa kitandani wiki nzima. Mgongo ulioshikwa ghafla hupona upesi zaidi mtu akiendelea na shughuli zake nyepesi kadiri awezavyo. La pili ni kutegemea mishipi ya kununua. Mwezi wa Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake juu ya maumivu sugu ya mgongo wa chini. Lilipendekeza mafunzo, mazoezi, ukandaji na tiba ya viungo, na likashauri kwamba mishipi ya kiuno na dawa kali za jamii ya afyuni zisitumiwe kama tiba ya kawaida.

Hata hivyo, yako maumivu ambayo hayangoji mkeka. Mtu akifa ganzi sehemu za siri, akishindwa kuzuia haja, au mguu ukipoteza nguvu, aende hospitali siku hiyo hiyo. Hali kadhalika maumivu yanayofuata ajali, au yanayoandamana na homa, jasho la usiku na kukonda, kwani kifua kikuu huweza kuingia hata katika pingili za mgongo, na ugonjwa huo una dawa.

WAJIBU WA WALIO JUU

Sasa twafika kwenye neno ambalo tusipolisema tutakuwa tumeandika nusu ya makala. Si haki kumfundisha mchukuzi namna ya kuvuta pumzi, kisha ukamtwika kilo mia. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 1967 mkataba nambari 127, unaosema kwamba mfanyakazi asilazimishwe wala asiruhusiwe kubeba kwa mikono mzigo ambao kwa uzito wake waweza kuhatarisha afya yake. Pendekezo lililofuatana nao lilitaja kilo 55 kuwa kipimo cha juu kwa mwanamume mzima, na likataka kinachozidi hapo kipunguzwe kwa haraka. Kilo 55 ni mpaka, wala si lengo.

Basi twauliza: ni maghala mangapi ya mji wetu yenye mizani mlangoni kwa ajili ya mchukuzi, na si kwa ajili ya mfanyabiashara peke yake? Wapo watakaojibu kwamba wazee wa zamani walibeba zaidi ya hayo na wakaishi. Twawajibu kwamba tunawaona waliobaki. Wale waliovunjika viuno wakarudi shamba wakiwa na miaka arobaini hawakuhesabiwa na mtu, kwa kuwa mgongo wa maskini haukuwa na daftari.

Matengenezo yanayotakiwa si makubwa kupita uwezo wetu. Magunia yafungwe kwa uzito wa kubebeka. Mikokoteni iwe na magurudumu mazima na mishikio iliyo sawa na kimo cha msukumaji. Kitu kizito kibebwe na watu wawili, na ujira wa wawili ulipwe. Hoteli ziwape watandikaji muda wa kutosha baina ya chumba na chumba. Jembe lipewe mpini mrefu. Kwa upande wa mwani, Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoko hapa Unguja, imefanya majaribio pamoja na wakulima ya kulima katika maji ya kina kwa nyavu za mfano wa mrija, ili mwani usife kwa joto la maji mafupi. Njia hiyo yataka mashua na ujuzi wa kuogelea. Ushirika unaoweza kununua mashua moja utakuwa umenunua na migongo ya wanachama wake.

Kwa hiyo twawaomba viongozi wa matawi, wa vyama vya wafanyakazi na wa ushirika, kila mmoja mahali pake, waanze na jambo moja jepesi: waipeleke mizani kazini, waipime mizigo, na waandike wanachokiona. Nanyi wafanyakazi, msiyaonee haya maumivu yenu wala msiyafiche mpaka yakawalaza. Vuteni pumzi, kazeni viuno, tembeeni, chezeni, na mkatae kwa adabu na kwa umoja kubeba kile ambacho mwili wa binadamu haukuumbwa kukibeba peke yake. Mlingoti ukivunjika, chombo hakifiki bandarini, hata kama tanga ni jipya na nahodha ni hodari.